Iacheni Pikipiki Yangu Ilale

Jamani, nani aliwaambia watu wa Ngamiani, hapa Tanga, kwamba injini ni mbuzi, isipotolewa nje kila asubuhi inakonda? Tangu ijulikane kwamba kazi inanipeleka Sumbawanga mpaka mwakani na pikipiki naiacha nyumbani, barabarani sipiti kwa amani. Muuza mihogo: "Tafuta mtu awe anaiwasha, dakika tano tu." Kinyozi, wembe ukiwa shingoni mwangu: "Dakika tano tu bosi, asubuhi asubuhi." Leo nimeingia dukani kununua maji ya betri, na yule dada wa duka, ambaye tangu tujuane hajawahi kuniuliza zaidi ya "huna chenji?", kanitazama, kaitazama chupa, kasema: "Lakini si utamwachia mtu awe anaiwasha?"

Simwachii mtu. Haiwashwi. Inalala.

Mimi ni mtu mzima, nina heshima zangu mtaani, na nyaraka zangu nazitoboa na kuzifunga kwenye faili. Pikipiki yangu ya cc 100, ya kupiga kiki, nimeamua ilale kwa utaratibu unaoeleweka, na utaratibu wenyewe nimeuandika kwenye karatasi nikaupigia mistari kwa rula. Kwanza tenki. Linajazwa mpaka shingoni, kwa sababu ndani ni bati tupu, na pale palipo wazi ndipo unyevu unapokaa, na unyevu wa Tanga unakuja na chumvi yake kutoka baharini, huna haja ya kuongeza. EWURA, wale wadhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mimi nimejaza Jumanne, maana sina imani na Jumatano yoyote.

Kabureta ni kinyume chake, inatakiwa iwe kavu. Unafunga koki, unaiacha injini inywe iliyobaki mpaka izime yenyewe, kisha unalegeza skurubu ya chini ya bakuli yadondoke matone ya mwisho. Petroli ikisahauliwa mle miezi inachacha, inaacha utando wa rangi ya chai ya rangi, na tundu la jeti ndogo, linalopitisha petroli mle ndani, ni jembamba, sindano ya kushonea haipiti. Likishaziba hapo utapiga kiki mpaka goti likuombe likizo.

Fundi nilimpelekea kwa ajili ya oili tu. Alivyoona pikipiki haina ugonjwa akachanganyikiwa.

"Inasumbua nini?"

"Haisumbui kitu."

"Sasa umeileta ya nini?"

Nikamweleza kwamba oili iliyotumika ina masizi na asidi, ikilala humo inakula beringi, kwa hiyo inabadilishwa kabla ya kulala, si baada ya kuamka. Akaichomoa ile stiki ya kupimia oili, akainusa, akaipaka katikati ya vidole viwili, akasema hii bado nzima, inafika Segera na kurudi. Nikamwambia haiendi Segera, fundi, haiendi popote. "Ndiyo maana nakuuliza, unabadilisha ya nini?" Akabadilisha, akanitoza mara mbili. Anasema pikipiki nzima ni kazi ngumu, fundi huoni pa kuanzia.

Wakala wa bima nilimuuliza kama chombo kilichofungiwa stoo kinaweza kupumzishwa na bima nayo. Akacheka kwa adabu. Jirani yangu mzee yeye ameuliza kama usukani utakuwa wazi, maana kamba yake ya kuanikia imekatika.

Haya, nyumbani. Mke wangu amefungua kesi yake. Kosa la kwanza ni kijiko. Kijiko cha chakula kimoja cha oili kinaingia kwenye tundu la plagi, unapiga kiki taratibu, taratibu, oili itambae kwenye kuta za silinda isishike kutu. Nilikiosha kile kijiko. Nilikiosha kwa sabuni na majivu, na bado kimetengwa, kimechomekwa dirishani peke yake. Kosa la pili ni mafuta ya taa niliyosafishia cheni kabla ya kuipaka oili mpya. La tatu ni soksi. Eksozi lazima izibwe mdomo, la sivyo nyigu wanaingia wanajenga nyumba ya udongo, au panya anahamia, na mimi sina nafasi ya wapangaji. Nikachukua soksi moja iliyokuwa imeanguka chini ya kamba, nyeupe, yenye mistari miwili ya bluu, nikaisokomeza, nikafunga na raba ya tyubu. Kumbe ni ya shule. Jumatatu asubuhi mtoto mguu mmoja una soksi, mguu mwingine unalia.

Betri nimeitoa, waya mweusi kwanza ndipo mwekundu, ipo juu ya kabati. Binti yangu wa kidato cha pili nimemkabidhi aichaji kila mwezi, mita isome volti 12.6 au juu kidogo, isishuke sana maana betri ikilala njaa haiamki. Amekubali. Ameomba posho ya mazingira magumu.

Yote hayo nayamudu. Ninayeshindwa naye ni shemeji yangu.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, Jumamosi hajulikani kama yu hai mpaka saa tano. Jumamosi hii saa moja asubuhi yuko mlangoni, amechomekea shati, na mkononi ana mikate ya kumimina, bado ya moto. Shemeji akija na chakula chake, ukae ukijua. "Shikamoo shemeji." Ile shikamoo ya kuinama kabisa. Kaulizia mgongo wangu. Kaulizia baridi ya Sumbawanga, akanishauri ninunue koti. Akanywa chai ya kwanza bila kuitazama pikipiki hata mara moja, na hapo ndipo nilipojua kajia nini. Kwenye chai ya pili akageuza shingo polepole, akaiona, akashtuka utadhani kaambiwa msiba.

"Masikini chombo. Si kitakufa hiki?"

"Hakifi. Kinalala."

"Shemeji, chuma kikikaa kinakufa. Chuma lazima kitembee. Angalau kiwe kinawashwa, dakika..."

Nikamwambia asimalizie. Nikaweka kikombe chini na kumpa somo. Nikamwambia shemeji, petroli ikiungua inatoa maji. Lita moja ya petroli inatoa maji yanayokaribia lita nzima, ila yanatoka kama mvuke. Injini ikitembea safari ya maana inapata moto, mvuke unafukuzwa wote. Ukiiwasha dakika tano ukazima, maji yanabaki kwenye eksozi na kwenye oili, na kesho unaongeza mengine, na keshokutwa. Huichangamshi, unaioza kwa awamu.

Alicheka mpaka mkate ukampalia. "Maji! Kutoka kwenye petroli! Shemeji, wewe ni msomi lakini wamekudanganya."

Nikapandwa na kitu. Wakati huo sikuwa bado nimeifunga, kabureta ilikuwa na petroli yake. Nikaitoa uani, nikapiga kiki, ikawaka, na kwa kuwa ilikuwa ya baridi, haikuchukua muda mdomo wa eksozi ukaanza kudondosha. Tone, tone, maji meupe yenye masizi kidogo. Nikamshika mkono nikamkingisha. Tukachuchumaa pale watu wazima wawili nyuma ya pikipiki, kiganja chake kinajaa maji, nami namwangalia usoni kusubiri ukweli uingie. Akaitazama ile michirizi mkononi. Akainusa. Akasimama, akajifuta kwenye tambara langu.

"Hilo ni jasho la chuma, shemeji. Chuma kinachofanya kazi kinatoka jasho. Ndiyo afya yenyewe."

Sasa mtu huyo utamwambia nini?

Alipoona nimenyamaza akadhani nimekubali, akaingia kwenye biashara. Aipeleke kijiweni. Hesabu elfu saba kwa siku, taslimu, kwenye simu, kila jioni kabla ya taarifa ya habari. Nikasema tuandike. Nikachukua ile karatasi yangu ya mistari, nikaigeuza nyuma. Elfu saba. Isipokuwa Jumapili, ambayo ni ya kwake, ndivyo kijiwe kinavyokwenda. Isipokuwa Ijumaa nusu siku, kwa ajili ya ibada. Isipokuwa siku za mvua, maana mvua huleta matope na matope yanakula cheni, na yeye anaijali cheni yangu kuliko nilivyodhani. Isipokuwa siku ya sevisi. Sevisi nani analipa? Mwenye chombo. Tairi? Mwenye chombo. Faini? Akaangalia chini, akasema faini ni mipango ya Mungu. Na siku akiumwa atampa deiwaka, dereva wa kumshikia zamu, na deiwaka naye ana chake. Na lile tenki lililojaa? "Hilo ndilo mtaji, shemeji, kwa sababu naanza bila kitu." Tukapiga mstari, tukajumlisha, tukatoa. Nilikuwa nadaiwa mimi.

Nikamkumbusha toroli langu. Alilichukua kubeba mchanga wa kujazia banda, likarudi lina gurudumu la baiskeli ya mtoto, na kengele. Akasema toroli ni jambo la zamani na watu wa Mungu husameheana. Kisha akachukua simu, akabonyeza, akaiweka mezani kwenye spika, nami nikasikia sauti ambayo nikiisikia husimama hata kama nilikuwa nakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unaifukia pikipiki."

"Siifukii mama, naihifadhi."

"Ukishahifadhi mdogo wako atembee kwa miguu?"

Nikajaribu kumweleza mama mkwe habari ya jeti ndogo. Jaribuni na nyinyi siku moja. Nilifika kwenye bakuli la kabureta, akauliza bakuli gani tena, lile aliloletewa binti yake siku ya harusi? Mke wangu kule jikoni anasikia yote, hasemi neno, anakata vitunguu ambavyo haviishi. Mwisho nikasema, kwa unyenyekevu, mama, betri imekwishatolewa. Na yule bwana, bila aibu, akiwa na mkate wangu wa nne mdomoni, hata kama kauleta yeye: "Lakini mama, hii si ya kupiga kiki? Kiki haili betri."

Basi! Mtu mzima nilinyanyuka nikachukua spana ya plagi. Nikaimaliza kabureta palepale, ikakohoa ikazima, nikafungua plagi nzima nikaitia mfukoni, na kwenye tundu nikafunga plagi mfu ya mwaka juzi ili silinda isiingie vumbi. Plagi nzima inakwenda na mimi Sumbawanga. Imo kwenye mfuko wa dawa, pamoja na vidonge vya mgongo. Anayetaka kuiwasha dakika tano anifuate huko, koti anunue mwenyewe.

Sasa stoo. Maana pikipiki yenye tenki limejaa huiweki sebuleni wala karibu na jiko, na stoo yangu ina kila kitu isipokuwa nafasi. Tumetoa feni isiyo na panga, godoro lililokatwa kona kwa sababu zisizojulikana, na ile TV ya chogo. Mmeshawahi kuibeba TV ya chogo? Nyuma inavuta kuliko mbele, haina pa kushika, na ikifika mlangoni ndipo inakumbuka kunenepa. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini usiku wa kuamkia 2013, na tangu hapo TV hii haijaonyesha hata ukungu, lakini jaribu kuitupa. Mke wangu anasema ni ya familia. Watoto ambao hawajawahi kuiona ikiwaka wanasema ni ya familia. Mnunua vyuma chakavu kaja na mizani yake ya ndoano, kaigonga mgongoni, kasema anachukua waya tu, kioo nibaki nacho.

Imekaa kibarazani tangu juzi na kila anayepita anauliza kama inauzwa, nikisema chukua bure anaondoka haraka. Jana ndiyo akaja shemeji, hana kinyongo hata kidogo, akasema yeye ataichukua, ana rafiki anatengeneza mabanda ya kuku na boksi zile zinafaa sana. Kaja na bodaboda. TV katikati, yeye nyuma kaikumbatia, kidevu juu ya kioo, wameondoka wanayumba mpaka barabara ya 12. Nauli nimelipa mimi. Nilitoa elfu tano, na chenji mpaka sasa sijaiona, nikimpigia anasema yuko sehemu yenye kelele.