Eti teorema iko na mipaka ya nafasi na wakati

Juma lililopita nilienda kusikiliza mdogo wangu akitetea TFC yake (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) ya hesabu, hapa hapa Lubumbashi. Wapi, sitasema. Mama alikuwa ameshaagiza sambusa na soda za juri tangu jana yake, maana kwetu unaweza kukosa uthibitisho, lakini usithubutu kukosa soda.

Mjumbe mmoja wa juri akafungua kazi, akapekua, akakunja uso: "Delimitasyo ya nafasi na wakati iko wapi?"

Ndugu zangu, kazi ilihusu teorema ya mwanahisabati Banach ya nukta isiyohama: kanuni inayozisogeza nukta zote zikaribiane kwa kiwango maalumu, lazima iache nukta moja tu pale pale! Kijana angejibu nini? Kwamba imehakikishwa katika mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo, kati ya 2019 na 2023, ila mtaa wa Katuba bado tunafanya uchunguzi? Banach aliichapisha mwaka 1922, ndani ya tasnifu yake mwenyewe ya udaktari, na hakuandika popote kwamba ni ya Lwów tu, mji aliokuwa akifanyia kazi. Nafasi pekee inayohusika ni nafasi ya metriki, yaani mkusanyiko wa nukta zenye umbali kati yao, nayo inatakiwa iwe kamili, isiwe na tundu pale nukta zinapokusanyikia. Hilo la ukamilifu hawakuliuliza. Waliuliza hipotezi, yaani dhana ya kazi, "ilithibitishwa uwanjani" namna gani, kisha wakahamia kwenye marji za kurasa (pambizo), kisha jedwali la yaliyomo, dakika ishirini nzima.

Mwanasosholojia akiulizwa alihoji watu wa mtaa gani, mwaka gani, ni haki kabisa. Lakini kanzu yake tumemvalisha kila mtu.

Hata hivyo, juri siilaumu sana. Aliyenikasirisha ni msimamizi, aliyetia sahihi bila kumwita kijana ubaoni hata mara moja. Najua, anasimamia wanafunzi wengi na mshahara unachelewa. Sawa. Kuuliza "kwa nini" kunahitaji chaki tu.

Mimi nilisimamiwa na CT (mkuu wa kazi, mwalimu wa chuo) mmoja mzee, mkali kama pilipili. Nilimpelekea uthibitisho wa mwanahisabati Zagier wa 1990, ule wa sentensi moja, kwamba namba tasa ikigawanywa kwa 4 ikabakiza 1 ni jumla ya miraba miwili. Nilikuwa nimeunakili vizuri, mwandiko safi. Hakuusoma. "Mwanangu, funga hiyo karatasi. Nifanyie 13."

Maana yake: tafuta namba nzima chanya zote zenye x² + 4yz = 13. Nikatoka jasho, nikapata tatu: (1,1,3), (1,3,1), (3,1,1). "Sasa badilisha y na z." Mbili za kwanza zikapokezana viti. Ya tatu ikabaki pale pale, kwa sababu y na z yake ni sawa. Na hiyo iliyobaki ndiyo jibu, maana y na z zikiwa sawa, 4yz ni mraba wa 2y: 13 = 3² + 2². Kama arusini, wageni wakishikana wawili wawili kucheza na idadi ikiwa witiri, lazima mmoja abaki kwenye kiti. Sentensi nzima ya Zagier ni kuhakikisha kwamba idadi ni witiri kila mara. Akanifanyisha 17, nikapata tano. Akanifanyisha 29, tano tena. Miezi miwili hakuniruhusu kuandika hata ukurasa mmoja. Nilimchukia, wacha niseme ukweli. Leo ukiniamsha usiku wa manane bila umeme nitakuandikia uthibitisho ule ukutani kwa mkaa.

Tuliporudi nyumbani na sambusa zilizobaki, nikamuuliza mdogo wangu: ukiondoa ukamilifu, Banach inavunjika wapi? Hakusita. Akachukua karatasi yenye mafuta, akachora mstari wa 0 hadi 1, akaifuta 0. "Gawa kila namba kwa 2, mkubwa wangu. Zote zinasogeleana, zote zinakimbilia 0, na 0 haimo. Hakuna inayotulia."

Kumbe alikuwa anajua.

"Mbona hukuyasema kule?"

"Nani aliniuliza?" akasema, akajimiminia soda ya juri.