Fundi wa kanisa aitwe kabla ya ramani au baada yake?

Kamati nyingi za ujenzi wa makanisa hapa Tanzania hufuata njia moja: msanifu anachora, mhandisi anapiga hesabu za nondo, halmashauri inatoa kibali, ndipo mafundi wanaitwa kutaja bei. Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Wote wanapigia bei kitu kilekile, na msanifu, kwa kuwa hafungamani na mjenzi, anaweza kumkatalia kazi mbovu. Fundi akiingia mapema huweza kuivuta ramani upande wa vifaa alivyonavyo, na kamati ikishamzoea haiulizi bei kwingine.

Hayo yanatosha fedha ikiwa benki. Lakini usharika au parokia hujenga kwa ahadi na michango: msingi mwaka huu, kuta baada ya mavuno, kupaua Mungu akijalia. Ramani nayo imechorwa kana kwamba kazi itakwenda mfululizo.

Tazama nguzo. Nondo za mm 16 zikiunganishwa, kipimo cha kawaida cha kupishana ni mara 40 ya kipenyo, yaani mm 640. Fedha ikikata ghafla msingini, fundi anaacha masikio (ncha za nondo zinazosubiri kuunganishwa) ya sentimita 30 yakiwa wazi. Mvua za misimu miwili zinapita, kutu inabanduka magamba, watoto wanayakunja masikio hayo. Kazi ikirudi, nguzo inaunganishwa kwa nusu ya mpishano unaotakiwa, plasta inafunika, basi. Fundi aliyezoea kujenga kwa sadaka angeuliza siku ya kwanza: tukikwama, tukwamie wapi? Jibu lilipaswa kuwa kwenye mchoro: simama juu ya mkanda wa msingi (boriti ya zege inayofunga msingi kwa juu), acha mm 700, zipake nondo uji wa saruji, kisha zifunike kwa zege dhaifu litakalovunjwa baadaye.

Paa pia. Msanifu anataka ukumbi wa mita 14 usio na nguzo katikati, wakati mbao za dukani kwa kawaida ni za futi 12. Mbao ya chini ya kenchi (fremu ya pembetatu inayobeba paa) itakuwa na viungo vitatu, na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Hilo likisemwa mapema, kenchi za chuma zinaingia kwenye makadirio. Likigunduliwa kuta zikiwa zimesimama, waumini watapata nguzo ya dharura inayowakinga wasione madhabahu.

Ila kuna mambo ambayo fundi hapaswi kuamua, hata awe na miaka 30 kazini. Sakafu ya nyumba hukadiriwa kubeba kama kilo 150 kwa mita ya mraba. Ghorofa ya kwaya isiyo na viti vilivyofungwa sakafuni ni kama kilo 500, na kwaya zetu hazisimami tuli. Fundi wa nyumba akiona nondo za ghorofa hiyo atasema mhandisi kazidisha. Vivyo hivyo kukata mbao ya chini ya kenchi ili dari lipande: paa linaanza kuzisukuma kuta nje. Kamati haina cha kupigia kura hapo.

Kwa maoni yetu fundi aitwe ramani ikiwa bado rasimu, alipwe siku zake mbili tatu kama mshauri, aliyoyasema yaandikwe. Bei ishindaniwe baadaye, naye akiwemo. Kinachosahaulika ni malipo ya msanifu na mhandisi kufika saiti. Fedha ikibana, waje walau mara nne: kabla ya kumwaga zege la msingi, la mkanda wa juu na la ghorofa ya kwaya, na kabla ya bati la kwanza kupigwa msumari.