Shemeji Hajui Pole Pole

Miye mtu wa Lamu, bwana. Mahali pa juu kabisa nilipopata kupanda ni matuta ya mchanga ya Shela, na siku hiyo nilikuwa namfukuza punda. Sasa niulize Mlima Kenya nilifuata nini.

Nilimfuata shemeji. Alikuja barazani na picha kwenye simu: kilele cha Lenana, mita 4,985. "Twende wawili, shemeji, tubebe wenyewe." Wapagazi ni kutupa pesa, mwongozaji mmoja atatosha. Nikamtazama mke wangu anitetee. Naye akanitazama. Huyo ni kakake, mtoto wa mamake. Nikafunga virago.

Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, basi jingine Nairobi, matatu Nanyuki. Mgongo ulikwisha kabla mlima wenyewe hatujauona.

Kwenye lango la Sirimon nikafungua shanta nitoe sweta. Nakutana na dele. Dele la kahawa, la shaba! Vikombe sita vimeviringwa kwenye kikoi chake, na chini yake halwa ratili mbili. "Mtu hafiki juu kule akanywa majani ya kijimfuko," anasema. Shanta yake yeye ilikuwa nyepesi, anaipunga kwa mkono mmoja. Lamu punda ana hospitali yake, akizidishiwa mzigo yupo wa kumsemea. Miye nina nani?

Mwongozaji alikuwa na neno moja tu: "Pole pole, mzee." Alhamdulillahi! Miaka yote watu wa bara wanatucheka eti Waamu hatuna haraka, kumbe tulikuwa mazoezini. Nikashika mwendo wangu wa kutoka msikitini kwenda kwa muuza kahawa, na kijana akanisifu. Hewa ya kule ni nyepesi, akasema, mwili unataka muda wa kuizoea, na ugonjwa wa mlima hauchagui mwenye misuli. Shemeji hakusikia, alishatangulia. Anapanda kama mtu anayewahi boti ya mwisho, kisha anageuka: "Bado kidogo tu!" Siku ya pili hiyo bado kidogo ilianza saa moja asubuhi, ikaisha saa kumi jioni, kambi ya Shipton, mita 4,200.

Hapo nikatoa halwa. Baridi imeigandisha, kisu kinateleza. Nikaiweka juu ya jiwe niipigie kwa kijiwe kingine, na kufumba na kufumbua pimbi kaja, mnyama kama panya aliyenenepa akasahau mkia, kachukua kipande kaenda nacho. Nikamgeukia shemeji tucheke. Kimya. Na shemeji akinyamaza, mwanangu, ujue kuna jambo.

Usiku kichwa kikamuuma, akatapika, na akitaka kuvaa viatu anatafuta kamba kwenye soksi. Mwongozaji akammulika usoni mara moja tu: "Huyu dawa yake ni kushuka. Sasa hivi."

Ilikuwa saa tisa usiku. Na miye mzima! Nimekula sahani mbili, kichwa hakiniumi. Lakini mwongozaji ni mmoja, si ndiyo, tuliokoa pesa. Wenzetu wakawasha taa zao za kichwani wakaanza kupanda, mstari mrefu gizani, utadhani karabai za wavuvi baharini. Miye nikashuka na shanta mbili, dele linanigonga kiuno kila hatua.

Alipofika chini akapona kabisa. Sana, hata.

Maana jana napita barazani namkuta anamimina kahawa, kwa dele lile lile, watu wamemzunguka. "Tulikuwa tunakiona kilele," anawaambia, "ila shemeji yangu, unajua umri tena, pumzi zikamwishia. Ningemwacha vipi?" Wazee wakanitazama kwa huruma. Mmoja akanisogezea mto nikae.

Nikae niseme nini? Dadake yuko ndani, anasikia yote, na chakula cha jioni hakijapakuliwa.

Sasa anazungumzia Kilimanjaro, mita 5,895. Asubuhi katuma mtoto aje kuuliza kama shanta yangu ingali nzima.