Mfanyabiashara Anapokabidhi Sanaa kwa Makumbusho

Kila mfanyabiashara wa Nairobi anapoamua kukabidhi makumbusho picha na vinyago alivyovikusanya kwa miaka mingi, kuna wanaompongeza na kuna wanaouliza anatafuta nini. Swali hilo ni halali, ila naona tunamuuliza mtu mmoja tu kati ya wawili wanaohusika.

Mfano wetu mkubwa ni Joseph Murumbi. Baada ya kuacha umakamu wa rais mwaka 1966 aliingia katika biashara, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye, mkewe Sheila na Alan Donovan wakaanzisha African Heritage, lililokuwa duka na pia ukumbi wa sanaa za bara zima. Alikusanya vinyago, nguo, mapambo, stempu na maelfu ya vitabu adimu. Taasisi za nje zilivitamani, akazikatalia, akaiuzia serikali ya Kenya kwa bei nafuu. Wakosoaji hushikilia kwamba aliuza, hakutoa. Ni kweli, lakini pesa alizozikataa ndizo zawadi yenyewe, na ndizo zilizofanya sehemu ya mkusanyo huo ionekane leo na yeyote anayepita sanamu ya Tom Mboya na kuingia Makavazi ya Kitaifa, au anayefika Nairobi Gallery, katika jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa.

Kinachoniuma ni nyumba yake ya Muthaiga. Nayo iliingia mikononi mwa serikali, kwa matumaini kwamba ingekuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi hiyo haikusimama, na nyumba ikabomolewa. Kila ninaposikia kwamba urithi wa umma haupaswi kutegemea hiari ya tajiri, huirudia habari hii, kwa sababu mtu binafsi aliilinda mali hiyo wakati wote ilipokuwa yake, na iliangamia ilipokuwa yetu sote. Tukimchunguza mtoaji na kumwacha mpokeaji, tutakuwa tumekagua upande ambao haukuvunja kitu.

Hata hivyo, wanaowatilia shaka watoaji wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Mchoraji aliyeuza kazi yake kwa bei ya kulipia kodi ya nyumba huiona ikipanda thamani mikononi mwa mwingine. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yalimpa haki ya asilimia 5 kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Lakini zawadi kwa makumbusho si mauzo, kwa hiyo heshima humwendea mtoaji na msanii hapati chochote. Tena, makumbusho yanayojazwa na mkusanyaji mmoja huonyesha kile alichokipenda yeye.

Haya yote yanaweza kuandikwa katika hati ya makabidhiano: jina la msanii litangulie la mtoaji, makumbusho yawe huru kukataa kazi yasiyoihitaji, na mpokeaji aseme kazi zitawekwa wapi na mshahara wa mtunzaji utatoka katika bajeti gani. Kifungu ambacho ningekipigania zaidi ni kile kinachoruhusu mali kuhamishiwa taasisi nyingine ya hapa nchini ikiwa mpokeaji atashindwa kuitunza, na kumlazimu atoe taarifa hadharani kabla ya ukuta wowote kuguswa.