Mtoto anaenda bweni na dawa asizozijua

Kila virusi vya UKIMWI (VVU) vya mtoto vikipanda, wa kwanza kugombezwa ni bibi. Kaa asubuhi moja tu kwenye benchi la CTC, kliniki ya wenye VVU, hapa Tabora utasikia, "Bibi, mbona majibu ya mjukuu mabaya, dawa humpi?" na bibi anajibu nampa mwanangu, kila siku nampa, na wala hadanganyi maana kumpa anampa kweli, shida ni kwamba mjukuu ana miaka kumi na tatu, akipewa anaenda kutupa chooni, tangu mdogo kaambiwa hizo ni dawa za kifua na kifua chenyewe hakijamsumbua miaka. Sasa anywe za nini?

Mi naona tunawaonea. Watoto wengi waliozaliwa na virusi wanalelewa na bibi, shangazi au mama mdogo, na hao walezi walikabidhiwa mtoto na kadi ya kliniki, basi. Halafu ukimwambia mtoto ana virusi swali linalofuata unalijua, nimevipata wapi, na hapo bibi inabidi amtaje marehemu binti yake wa kumzaa. Hiyo kazi nani anaiweza peke yake, jikoni, huku anasonga ugali?

Shirika la Afya Duniani tangu 2011 linashauri mtoto wa umri wa shule, miaka 6 mpaka 12, aambiwe hali yake, na aliye mdogo zaidi aanze kuambiwa kwa hatua. Yaani yule mdogo unamwambia kuna wadudu kwenye damu na dawa inawalaza wasimuumize, akikua unaongezea, jina lenyewe linakuja akishaelewa elewa. Ila watoto wa siku hizi hawatusubiri. Namjua binti mmoja wa darasa la sita (siyo wa mtaa wetu, msianze kutafuta) alichukua simu ya mjomba wake akaandika jina lililoko kwenye kopo, dolutegravir, herufi moja moja, gugo ikamjibu palepale. Akawa haongei na mtu, nyumbani wakajua ni malaria.

Na inauma zaidi kwa sababu dawa zenyewe siku hizi siyo mateso. Wanaokumbuka ile lopinavir ya maji watoto walivyokuwa wanaitapika wanajua ninachosema, leo mtoto mdogo ana kidonge kinachoyeyuka kwenye maji chenye ladha ya stroberi, mara moja kwa siku imeisha. Virusi vikifubaa anakua kama wenzake, anacheza, anasoma, kesho anaoa au kuolewa na kuzaa watoto wasio na maambukizi.

Halafu anafaulu, anachaguliwa shule ya bweni. Huu ni mji wa mabweni, hata Mwalimu Nyerere alisoma bweni hapa. Sasa mfikirie mtoto wa fomu wani na lile kopo la plastiki ndani ya tranka, ukiligusa tu linalia kachakacha, bweni zima linageuza shingo, "unakula nini we?" Wengine wanajaza pamba kopo lisilie, wengine wanahamishia vidonge kwenye bahasha ya Panado vinapata unyevu, na wengine wanaona bora waache mpaka likizo. Huyo wa tatu ndiye anarudi Juni virusi viko juu na bibi anagombezwa tena wakati hata hakuwepo!

Kuna kitu kidogo ambacho walezi wengi hawaambiwi. Ule utaratibu wa kunywa saa tatu usiku ulitoka kwenye dawa za zamani, efavirenz ilikuwa inaleta kizunguzungu ndo maana ikawa ya kulalia. Dolutegravir ya mara moja kwa siku inanyweka muda wowote, umekula hujala, muhimu ni saa ileile kila siku. Saa tatu usiku bweni watu wanatoka prepo, wamejaa! Ongeeni na mtoa dawa muhamie muda ambao mtoto anapata nafasi peke yake. Na shuleni ajue mtu mmoja, matroni au mwalimu ambaye mtoto mwenyewe kamchagua, siyo ofisi nzima ya walimu maana huko habari hailali.

Lakini haya yote hayawezekani kama mwenyewe hajui anaumwa nini. Sheria ilibadilishwa 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kwenda kupima mwenyewe bila idhini ya mzazi, sasa sisi yule wa miaka 14 bado tunamwambia dawa za kifua?

Klabu za vijana za kliniki nazipenda, watoto wanakutana wanaona kumbe siko peke yangu. Ila bibi aliyemleta anakaa nje chini ya mwembe kusubiri. Muingizeni na yeye chumba cha pili, akae na bibi mwenzake aliyekwisha kumwambia mjukuu wake, amsikie alianzaje, inamsaidia kuliko lekcha ya mtu mwenye koti jeupe. Na msimu wa tumbaku bibi yupo mabanini, kwenye kukausha tumbaku, huko Urambo au Sikonge, tarehe ya kliniki inampita siyo kwa uzembe, nauli hana.

Umri wa kila mtoto uko kwenye faili, wa darasa la saba wanajulikana. Mtihani unaisha Septemba, fomu wani Januari. Waitwe Oktoba, bibi na mjukuu pamoja, waongee na mshauri hata mara mbili tatu kabla tranka halijanunuliwa.