Roma na Mueda, Julai 1970: diplomasia ya FRELIMO ilizaa nini?

Ukizungumza juu ya ukombozi wa Msumbiji utasikia hoja moja kila mara: nchi ilikombolewa kwa bunduki, na wale waliozunguka Ulaya na mikoba walikuwa pambo tu. Hoja hii ina msingi, lakini inapima nusu tu ya vita.

Tuanze na msingi wake. Julai 1, 1970, Jenerali Kaúlza de Arriaga, mkuu wa majeshi ya Ureno iliyoitawala Msumbiji, alianzisha operesheni ya Nó Górdio huko Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi, kwenye uwanda wa Mueda. Ndege na mizinga vilitangulia, tingatinga zikafyeka njia msituni ili malori yapite, na makomandoo wakashushwa kwa helikopta kwenye kambi kuu za FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ikiwemo ile iliyoitwa Gungunhana. Hakuna azimio la Umoja wa Mataifa lililozuia hata bomu moja. Kilichowaokoa wapiganaji ni kukataa kuzing'ang'ania kambi. Walitawanyika kwa vikundi vidogo, wakatega mabomu ardhini kwenye barabara zilizofyekwa, na silaha zikaendelea kuvuka Mto Ruvuma kutoka Tanzania, zikibebwa kichwani na wanavijiji, wanawake kwa wanaume.

Wareno walidai wameua wapiganaji 651 na kuteka watu 1,840. Takwimu hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mateka ni karibu mara tatu ya waliouawa, katika vita ambavyo adui hupotelea porini. Ni vigumu kuamini kwamba wote hao walikuwa askari, maana kambi zile zilizungukwa na wakulima na wapagazi. Na hata tukiikubali kama ilivyo, haielezi kilichofuata. Mwaka huohuo FRELIMO ilivuka kwenda kusini mwa Mto Zambezi katika jimbo la Tete, na Julai 1972 ikafungua medani ya Manica na Sofala. Askari waliorundikwa Mueda hawakuweza kuwa pia Tete.

Sasa jiulize ni nini kilichoiwezesha Ureno, nchi maskini ya Ulaya, kupiga vita vya namna hiyo. Ndege za Fiat G.91 zilitoka Ujerumani Magharibi na helikopta za Alouette zilitoka Ufaransa. Mikopo ya bwawa la umeme la Cahora Bassa, lililojengwa na Ureno kwenye Mto Zambezi, ilitoka nje vilevile. Juu ya yote ilikuwapo baraka ya Kanisa, iliyofungwa kwa mkataba wa mwaka 1940 kati ya Lisbon na Vatikani. Mizizi hiyo isingefikiwa na bunduki kutoka Mueda.

Kwenye silaha, diplomasia ilishindwa, na ni haki kulisema hilo wazi. NATO haikumtupa mshirika wake, na Desemba 1971 Marekani ilitia saini upya makubaliano ya kutumia kambi ya kijeshi kwenye visiwa vya Azores vya Ureno. Kwenye bwawa ilifanikiwa kidogo tu: kampuni ya ASEA ya Sweden ilijitoa mwaka 1969, lakini ujenzi uliendelea.

Kwenye Kanisa matokeo yalikuwa makubwa. Kuanzia Juni 27 hadi 29, 1970, Roma ilipokea mkutano wa kuunga mkono watu wa makoloni ya Ureno, wenye mashirika 177 kutoka nchi 64. Kisha Julai 1, siku ileile Mueda iliposhambuliwa (tarehe ziligongana kwa bahati), Papa Paulo VI aliwapokea Marcelino dos Santos wa FRELIMO, Amílcar Cabral wa PAIGC ya Guinea-Bissau na Cape Verde, na Agostinho Neto wa MPLA ya Angola. Yalikuwa mazungumzo mafupi sana. Lisbon ilimwita nyumbani balozi wake, na Vatikani ikajitetea kwamba wageni walipokelewa kama Wakristo. Utetezi huo ndio uliozidi kuiumiza Ureno. Serikali iliyojiita mlinzi wa ustaarabu wa Kikristo dhidi ya magaidi ilikuwa imeambiwa na Vatikani yenyewe kwamba hao nao ni waumini. Mwaka uliofuata Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, waliondoka Msumbiji kwa kupinga ukimya wa maaskofu juu ya ukatili wa utawala wa kikoloni. Na Julai 1973 ni taarifa za wamisionari zilizofichua kwenye gazeti la The Times mauaji ya wanakijiji yaliyofanywa na askari wa Ureno huko Wiriyamu, Tete, waziri mkuu wa Ureno, Caetano, alipokuwa karibu kuwasili London.

Ni kweli misaada ya Sweden na ya makanisa ilikuwa dawa, nguo na vitabu, si risasi. Lakini eneo lililokombolewa lisilo na zahanati wala shule lisingedumu mkononi mwa FRELIMO. Ni kweli pia kwamba bila wapiganaji wa Mueda, dos Santos asingekuwa na la kumwambia yeyote.

Novemba 1972 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitambua harakati hizi kuwa wawakilishi halisi wa watu wao. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 nchini Ureno, rais mpya, Jenerali Spínola, alitaka wananchi wapige kura kwanza kuamua hatima ya makoloni, na vyama vipya vikachipuka Msumbiji vikidai nafasi. Wakosoaji wanasema kuvinyima nafasi hiyo kulipanda mbegu ya utawala wa chama kimoja, na hoja yao ina uzito. Lakini Septemba 7, mjini Lusaka, Ureno iliketi na FRELIMO peke yake, na katika mkataba huo tarehe ya uhuru ikawekwa: Juni 25, 1975.