Kadi kubwa kwa gemu ya stori: ni mashauzi kweli?

Kijiweni kuna hukumu iliyozoeleka: anayecheza gemu za stori peke yake hana haja na kadi kubwa ya grafiksi, kile kifaa cha kompyuta kinachochora picha za gemu. Fremu (picha) 60 kwa sekunde zinamtosha, hakimbizani na mtu, kadi za bei mbaya waachiwe wanaoshindana mtandaoni. Ukinunua RTX 5080, kadi ya bei ya Nvidia, ili ucheze gemu ya stori kama Cyberpunk 2077, unaambiwa ni mashauzi.

Mtazame huyo mshindani akikaa kwenye mashine. Kwenye Counter-Strike 2, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, kazi ya kwanza ni kushusha mapambo mengi ya picha. Wengi, hata wanaolipwa kucheza, wanatumia picha ndogo ya nukta 1280 kwa 960, ikavutwa ijaze kioo. Anasaka fremu 300 na ushee, na hapo kinachombana ni prosesa. Kadi inapiga miayo.

Sasa ingia Night City, jiji la Cyberpunk, usiku, mvua imekatika. Taa za matangazo zimelala kwenye dimbwi barabarani, na gari likipita, wekundu wa taa zake unapanda ukutani kisha unafifia. Hiyo ni RT Overdrive, mpangilio wa mwanga ulioongezwa kwenye gemu hiyo Aprili 2023, ambapo kadi inakokotoa miale ya mwanga inavyodunda kutoka kitu hadi kitu. RTX 4090, mfalme wa wakati ule, kwenye 4K (picha yenye nukta mara nne ya 1080p ya kawaida) bila msaada wowote haikufika hata fremu 30. Nani basi anayeikamua kadi?

Kuna na fremu za kubuni za DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kuongeza fremu. Ili ibuni fremu ya katikati, kadi lazima izuie kidogo ile halisi inayofuata. Kwa mshindani, kuchelewa huko ni risasi ya kichwa. Wewe unayezurura mjini hutahisi kitu, mradi fremu halisi ziwe zinakaribia 60.

Upande wa pili una hoja moja nzito: gemu ya stori haikimbii. Cyberpunk ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa na hitilafu kibao, mpaka Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni siku chache baadaye. Aliyesubiri aliikuta imetengenezwa, tena akaichezea kwenye kadi bora zaidi. Hoja hiyo siwezi kuipangua, ila anayesubiri kadi ya mwakani atasubiri kila mwaka.

Ninapokubaliana na wakosoaji ni kwenye RTX 5090, kaka mkubwa wa 5080. Ilitangazwa kwa dola 1,999, maradufu ya 999 za 5080, na kasi yake kwenye 4K inazidi kwa kama nusu tu. Kumbukumbu ya GB 32 ni ya kufanyia kazi, gemu haziigusi yote. Halafu umeme: wati 575. Cheza saa nne kila siku kadi ikiwa imebanwa hadi mwisho, kwa mwezi ni uniti 69. Kadi tu! Mteja wa TANESCO wa D1, daraja la nafuu la matumizi madogo ya nyumbani, anatakiwa asizidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo zimebaki sita za friji, feni, pasi na kioo chenyewe. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa T1, daraja la kawaida, na bei ya uniti inapanda karibu mara tatu. Na wati hizo zote zinageuka joto. Ni kama nusu pasi imewaka chumbani Dar mwezi wa Februari.

Kwa 5080 hesabu hiyo hiyo inatoa uniti 43, kwa RX 9070 XT ya AMD, mpinzani wa Nvidia, 36 na kidogo. Hii ya pili ilitangazwa kwa dola 599, ingawa kwenye kazi ya miale inaachwa nyuma. Mwenye kioo cha 1080p aanze na kioo, la sivyo ananunua injini ya lori abebee mkaa wa gunia moja.

Mimi ningechukua 5080, nifunge fremu zisizidi 60. Mshindani hathubutu kufunga. Mcheza stori anafunga, wati zinashuka, na feni zinanyamaza hadi anasikia mvua ya Night City.